Mnawatukana madaktari wanaowatoa wachezaji waliogongwa kichwa. Mnajua kazi hiyo inawala vipi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila mchezaji anapotolewa baada ya kugongana vichwa, humu ndani kunawaka moto. Daktari kauza mechi! Daktari mwoga! Daktari kahongwa! Juzi mmoja kaandika kwamba fizio aliyemzuia kiungo asirudi uwanjani afungiwe maisha, na nusu ya jukwaa ikampigia makofi.

Mimi ndiyo kazi yangu hiyo. Ni fizio, nimekaa kwenye mabenchi ya timu kwa muda mrefu, na nina hasira. Anayetaka kutukana atukane, lakini asome kwanza.

Tuanze na zile dakika mnazoziona kwenye televisheni. Mchezaji yuko chini, mwamuzi kapuliza filimbi, naingia mbio na begi. Nikifika nashika shingo kabla ya yote, kwa sababu pigo lililotikisa kichwa linaweza kuwa limeumiza na shingo. Halafu maswali. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Yanaitwa maswali ya Maddocks, na hayakuokotwa barabarani. Mtu aliyetikiswa ubongo anaweza kukutajia jina lake na tarehe ya kuzaliwa bila kukwama, kwa sababu hayo ni ya zamani na yamekaa. Kinachompotea ni cha dakika kumi zilizopita. Wakati namuuliza, kocha anapiga kelele kutoka kwenye mstari, mwamuzi anatazama saa, mashabiki wanazomea, na mchezaji mwenyewe anajaribu kuniondoa mikono akisema yuko fiti. Wote huwa wako fiti. Sijawahi kumkuta aliyeniambia hayuko fiti akiwa bado na jezi.

Kipimo kamili kinataka dakika 10 hadi 15 za utulivu. Taja miezi kinyumenyume, rudia tarakimu kuanzia ya mwisho, tembea kisigino kwa kidole kwenye mstari. Mimi napewa dakika chache katikati ya makelele. Na dalili zenyewe zinaweza kuja saa kadhaa baadaye, akiwa amekwisha oga na kwenda nyumbani.

Halafu mnaleta hoja ya "alipigwa picha ya kichwa ikatoka safi". Ndugu zangu, picha ya kawaida inaonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Mtikisiko wa ubongo hauko huko. Kinachovurugika ni kazi ya seli zenyewe. Potasiamu inamwagika nje ya seli, seli zinaanza kuhangaika kuirudisha, zinataka glukosi nyingi kuliko kawaida, na wakati huohuo damu inayofika imepungua. David Hovda na Christopher Giza wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), waliyaeleza haya mwaka 2001, na mpaka leo kuna makocha wanaidai picha kana kwamba ni cheti cha polisi.

Mnamkumbuka Christoph Kramer, kiungo wa Ujerumani? Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Alikula bega la Garay, beki wa Argentina, dakika ya 17, akainuka, akaendelea kucheza. Ikabidi amfuate mwamuzi Rizzoli kumuuliza kama mechi ile ndiyo fainali. Rizzoli alidhani anataniwa. Akatolewa dakika ya 31. Mbele ya dunia nzima, na madaktari wa hadhi ile wako pale pembeni! Sasa nyinyi mnafikiri huku chini, ambako fizio yuko peke yake na begi lake, hali ikoje?

Hili sasa ndilo linaloniuma. Anayenilipa mshahara ni klabu. Anayeamua mkataba wangu uongezwe au la ni watu walewale wanaotaka mshambuliaji wao arudi Jumamosi. Kuna timu moja, siitaji, nilimzuia mchezaji wao tegemeo asicheze mechi kubwa kwa sababu akikimbia tu kichwa kinaanza kumgonga na mwanga unamuumiza macho. Hakuna aliyenigombeza. Nilianza tu kutoitwa kwenye vikao. Safari ikifika, jina langu halipo kwenye orodha ya basi. Msimu ulipoisha nikaambiwa timu "inapanga upya idara". Kijana aliyekuja baada yangu ni mzuri, simlaumu, ila alijua kabisa kwa nini kiti kilikuwa wazi. Mtu akishajua hivyo, unadhani siku yake ikifika atasema nini?

Na nyumbani? Namba yako ya simu ikishavuja, matusi yanaingia hadi usiku wa manane. Mke anasoma. Mtoto anaulizwa na wenzake shuleni kwa nini baba yake alitufungisha. Haya hayaandikwi kwenye mkataba.

Mkisema ninalialia, basi muangalieni aliyenizidi mbali. Bennet Omalu, Mnigeria, kazaliwa 1968 katikati ya vita vya Biafra, kasomea udaktari Nigeria kisha Marekani. Septemba 2002 alikuwa Pittsburgh akifanya kazi ya kuchunguza maiti, ukaletwa mwili wa Mike Webster, gwiji wa Steelers, timu ya mpira wa Marekani, kafa na miaka 50 akiwa amechanganyikiwa na hana kitu. Kwa macho ubongo ulikuwa wa kawaida kabisa. Mwingine angefunga faili akaenda kula. Omalu akautunza, akalipia vipimo kwa fedha zake, akakaa na vile vipande kwenye hadubini mpaka akakuta protini ya tau imerundikana pasipotakiwa. Mwaka 2005 akachapisha katika jarida la Neurosurgery kisa cha kwanza cha CTE, ugonjwa wa kuharibika ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwa mchezaji wa NFL, ile ligi ya mpira wa Marekani.

Aliniambia mtu mmoja humu kwamba mwanasayansi akigundua kitu anapewa tuzo. Omalu alipewa barua. Mwaka 2006 wajumbe watatu wa kamati ya NFL ya majeraha ya ubongo, Ira Casson, Elliot Pellman na David Viano, walilitaka jarida liifute makala yake. Na huyo Pellman, aliyekuwa kiongozi wa kamati tangu ilipoundwa 1994, ni daktari wa nini? Wa baridi yabisi. Maungio! Ndiye aliyekuwa kinara wa NFL katika masuala ya ubongo wa wachezaji. Ukilitafakari hilo vizuri unaweza kuacha kula.

Makala haikufutwa. Lakini Omalu alihama Pittsburgh na mke wake, Prema, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, wakaenda California, na huko akafanya uchunguzi wa vifo katika kaunti ambayo wengi wetu tusingeijua kama si yeye. Mwishoni mwa 2017 akajiuzulu hapo pia, akimtuhumu mkuu wa usalama wa kaunti kuingilia kazi yake. Msinielewe vibaya, sisemi ni malaika. Baadaye watafiti wenzake walimkosoa kwamba anakwenda mbali kuliko ushahidi, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Ila ubishi wa wanasayansi kuhusu vipimo ni kitu kimoja, na kumnyamazisha mtu kwa kuwa kagusa biashara ni kingine kabisa.

Sasa linganisheni na upande wa pili. Kuna Paul McCrory, daktari wa neva wa Australia. Kwa miaka na miaka alikuwa kinara wa ile miongozo ya kimataifa ya mtikisiko wa ubongo michezoni, inayofuatwa na mashirikisho karibu yote. Mwongozo uliotokana na mkutano wa Berlin wa 2016 ulisema uhusiano wa chanzo na matokeo kati ya michezo ya kugongana na CTE bado haujathibitishwa. Mashirikisho yaliushika mstari ule kama hirizi. Mwaka 2022 ikabainika kwamba baadhi ya maandishi yake yamenakili kazi za wengine, British Journal of Sports Medicine ikafuta makala zake, jarida ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwa mhariri wake mkuu, naye akaachia uongozi wa kundi linaloandika miongozo hiyo. Miaka yote hiyo alialikwa, akasafirishwa, akasikilizwa. Shaka ina posho nzuri, wakuu.

Na fedha za utafiti nazo usiseme. Mwaka 2012 NFL ilitangaza kwa mbwembwe dola milioni 30 kwa taasisi za afya za serikali ya Marekani. Ilipofika zamu ya utafiti wa Robert Stern wa Boston, uliolenga kuitambua CTE mtu angali hai, fedha zile hazikwenda huko. Ripoti ya 2016 ya wabunge wa chama cha Democratic katika kamati ya bunge la Marekani ikasema NFL ilijaribu kushawishi nani apewe na nani asipewe. Serikali ikaulipia utafiti ule kwa fedha zake. Fikiria uko kwenye maabara ile, una wanafunzi wanaotegemea mradi, una kodi ya nyumba, halafu mwenye mfuko ndiye unayemchunguza.

Chris Nowinski ndiye ninayemheshimu kuliko wote kwa kazi ambayo mimi nisingeiweza. Kacheza mpira wa Marekani Harvard, akaenda mieleka ya WWE, akatolewa na mtikisiko wa ubongo mwenyewe. Mwaka 2007 wakaanzisha taasisi na daktari wa upasuaji wa ubongo Robert Cantu. Kazi yake ilikuwa kusoma habari za misiba, kisha kumpigia simu mjane au mama, marehemu bado hajazikwa, na kumwomba ubongo wa mtu wake. Ubongo hausubiri. Jaribuni kuwaza unakohoa kidogo, unajitambulisha, halafu unasema hilo ombi kwa mtu anayelia. Kesho tena. Wiki ijayo tena. Kuna mtu hapa anadhani unamaliza hiyo kazi saa kumi jioni, unarudi nyumbani kucheka?

Bongo zile zilikuwa zinaishia kwa Ann McKee, Boston, daktari anayechunguza bongo za marehemu. Ni shabiki wa kufa wa Green Bay Packers, timu ya NFL ya jimbo la Wisconsin alikozaliwa, na bado wanamwambia anataka kuua mchezo. Mwaka 2017 alitoa matokeo ya bongo 202, kati ya hizo 111 za waliocheza NFL, na 110 zikakutwa na CTE. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba familia zinazotoa ubongo ni zile zilizokwisha ona dalili, kwa hiyo hesabu hiyo isichukuliwe kuwa ya wachezaji wote. Waliomtukana walijifanya hawakusikia.

NYONGEZA, maana komenti zimekuwa nyingi:

Anayesema haya ni ya Wamarekani na kofia zao. Jeff Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion, soka hili hili. Kafa Januari 2002 na miaka 59, na mchunguzi wa vifo akaamua kuwa ni ugonjwa uliotokana na kazi, yaani kupiga mpira kwa kichwa. Utafiti mkubwa wa Willie Stewart wa Glasgow, wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland, ulitoka 2019 na kuonyesha wanakufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Kati ya 2002 na 2019 aliyekuwa akigonga milango ni binti wa marehemu, Dawn, na familia yake. Si daktari, si mtafiti. Ujana wake umekwenda huko.

Dada aliyeuliza kuhusu wanawake, asante, na hapa ndipo aibu inapozidi. Mtafiti Eve Valera alichunguza wanawake 99 waliopigwa na wapenzi wao, akachapisha 2003 kwamba takriban robo tatu walikuwa wameumizwa ubongo angalau mara moja. Hakuna ligi pale, hakuna haki za televisheni, na wafadhili wakamtazama tu kwa miaka mingi. Mwanamichezo wa kwanza wa kulipwa mwanamke kukutwa na CTE, Heather Anderson wa Australia, katangazwa 2023.

Anayesema nilete suluhisho badala ya kulalamika: lipo. Tangu 2024 sheria za soka zinaruhusu mbadala wa ziada kwa mchezaji aliyetikiswa ubongo, nje ya idadi ya kawaida, lakini ni hiari ya kila mashindano. Ulizeni ligi mnayoishabikia kama imekubali. Na daktari wa kuamua suala la kichwa alipwe na ligi, asilipwe na klabu. Kocha asiwe na simu yake.

Anayeniambia kama kazi ni ngumu niache: nikiacha, Jumatatu watakuwa wameajiri mwingine, na usaili wake utakuwa na swali moja tu.

Wa matusi sitawajibu. Mwenye mtoto anayecheza aulize, nitajibu nikitoka mazoezini. Isipokuwa mkiona aliyegongwa anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anapata degedege, haamki vizuri au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, hapo msiandike kitu humu. Mkimbizeni hospitali.