Nimealikwa tena ngoma ya kibuki. Mgeni anakaaje pale?

MwalimuTukuyu:
Wadau wa Unguja, habari zenu. Mimi mtu wa Rungwe, nimeletwa huku na kazi, nimepanga Ng'ambo. Mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, hata soda ya rangi ya bia anaiangalia kwa shaka. Mwezi uliopita akanichukua kwenye hiyo ngoma ya kibuki, ya kupandisha pepo, nyumbani kwa ndugu yake. Kwa jinsi nilivyozoea kusikia habari za pepo nilitegemea giza na vilio. Wapi! Ilikuwa alasiri, jua kali, kina mama wamejaa na kanga zao mpya, mtu anapiga kodiani safi kabisa, kayamba zinajibu. Yule bwana wa kodiani angepata nafasi kwenye kwaya yoyote ya kwetu.

Mara mama akaanza kupiga miayo, mabega yakacheza. Wakamvika shuka, wakampaka chokaa nyeupe usoni. Alipoinuka alitembea kifua mbele kama mzee wa kiume mwenye ng'ombe wengi. Akaletewa brandi, akaigida kwenye chupa. Akaja kwangu, akanyoosha mkono, akasema maneno nisiyoyajua. Nikamkodolea macho tu, dada wa pembeni akajibu kwa niaba yangu. Jioni mama huyohuyo anachambua mchele, hayumbi, ananidai hela ya umeme!

Sasa kaniita tena. Nikisalimiwa nifanyeje? Nipeleke nini? Na mimi Mkristo, kukaa pale si kushiriki?

BintiKisiwandui:
Mwalimu, karibu. Bibi yangu alikuwa na kibuki, nimekulia humo. Aliyekujia si mama yako mwenye nyumba. Mama ni kiti tu, aliyepanda ni mbuki, pepo katoka Bukini, yaani Madagaska, na kwao ni mkubwa. Mkubwa akikupa mkono unapokea kwa heshima na kuinamisha kichwa. Usimwite kwa jina la mama, na usitake akujibu Kiswahili, wapo wa kukufasiria. Ile brandi anaionja yeye. Akishashuka, kiti hakina ulevi, ndivyo tunavyoamini sie. Simu iache mkobani. Fedha kidogo ya kuchangia inatosha, lakini muulize mama mapema. Usijinunulie chupa ukaingia nayo kwenye ngoma yoyote! Pepo wa ruhani, kwa mfano, ni wa udi na marashi, pombe haitaki hata kuisikia.

Abuu_Mwera:
Mnampamba mgeni kwa ushirikina. Pombe ni pombe, ipite koo la kiti au la mfalme. Mwalimu, mheshimu mama wa watu, lipa kodi, siku hiyo uwe na safari ya shamba.

BintiKisiwandui:
Ustadh, kauliza adabu, hajauliza fatwa.

BahariaMstaafu:
Nimekaa sana Majunga, huko Madagaska. Kule wanaita tromba, na wanaopanda ni wafalme wa zamani wa Wasakalava. Kodiani ipo vilevile, chokaa ipo. Mayotte na Ngazija utaikuta pia, maana watu na majahazi yalikuwa yanakwenda na kurudi, na masheitani nayo yakasafiri. Kuhusu Ukristo wako, mwalimu, usihofu kuwa peke yako: hapa Unguja wabuki wenyewe wanahesabiwa Wakristo. Mama wa swala tano anakaliwa na Mkristo mnywaji, na kila mmoja anabaki na dini yake. Mabaharia wenzangu walicheka hilo. Mimi naona ndiyo akili ya mji huu.

MwalimuTukuyu:
Haya, mama hajaniambia hata siku moja kwamba mgeni wake ni muumini mwenzangu! Nitakwenda. Ila chupa ikinifikia?

BintiKisiwandui:
Pokea, gusisha mdomo, mpe wa pili yako. Mie sinywi, na hakuna mbuki aliyewahi kunigombeza.