MREJESHO: Boksi la pedali ya gitaa limetoka

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza namna ya kutengeneza boksi la chuma la pedali ya distosheni (kile kifaa unachokanyaga kwa mguu kukwaruza sauti ya gitaa) bila kuagiza nje. Limetoka. Bati la chuma niliachana nalo, hewa ya bahari huku Mtwara inakula chuma vibaya mno, nikaenda kwa fundi madirisha nikachukua vipande vya aluminiamu ya milimita 2, mabaki tu, bei ya kuongea. Kukunja tulibana katikati ya vyuma viwili vya pembe tukawa tunagonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kona usiilazimishe iwe kali sana maana inapasuka. Tobo la suichi ya mguu ni milimita 12, anza na biti ndogo kisha uongeze ukubwa.

Aliyesema jeki ya umeme (tundu la kuchomekea adapta) iwe ya plastiki ubarikiwe sana, hizi pedali za volti 9 nyingi negativu iko katikati kwa hiyo ganda la jeki ndo pozitivu, likigusa boksi lililoungwa na ethi, yaani upande wa negativu, hapo ni shoti tu. Jeki za waya wa gitaa zenyewe ziguse aluminiamu tupu ili boksi lipate ethi, kwangua rangi kwa ndani, ule mvumo wa kwenye spika umepungua balaa.

Bado mfuniko, skrubu zinalegea nikikanyaga, ntatafuta nati zile zenye plastiki ndani.