Nina 1,200,000, ninunue laptopu ya kuediti au nisubiri? Naombeni ushauri wakuu

Miguu Mitatu (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Kuandika siwezi sana, mtanivumilia.

Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar, nasoma stashahada ya utayarishaji wa video, redio na mambo ya mtandaoni. Nilitokea kidato cha sita, kwa hiyo kwangu kozi ni miaka miwili, namaliza mwezi wa nane Mungu akipenda. Chumba cha kuediti kina kompyuta kumi na mbili na darasani tuko sitini na kitu. Unajiandikisha kwenye daftari, unapata saa mbili kwa wiki, na umeme ukikatika ndani ya hizo saa mbili ndiyo imetoka hiyo. Namba saba ukiigusa inazima, kwa hiyo hesabuni kumi na moja.

Mradi wangu wa mwisho ni filamu ya dakika kumi kuhusu wakaanga samaki wa Feri. Kushuti nimeshamaliza. Ni GB 140, ziko kwenye diski ya rafiki yangu na mwenyewe ameanza kuidai. Kukabidhi kazi ni wiki tatu kutoka leo.

Mfukoni nina 1,200,000. Kuna laptopu nimeiona Kariakoo, imetumika, i5 kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256, jamaa anataka 850,000. Inayobaki nichukue diski na maiki. Swali langu ni hilo tu: itabeba video za 4K, zile kali zenye faili nzito, au nitajuta? Matusi hapana jamani, sijalala vizuri siku ya tatu hii.

Jogoo wa Manzese
Miaka miwili unajifunza kukata video? Mpwa wangu kajifunza kwa simu, CapCut, amelala kitandani. Saa hizi anashuti harusi kuanzia Mbezi mpaka Kibaha na ana Passo.

Pilipili Kichaa
Passo ya mkopo.

Jogoo wa Manzese
Mkopo wake, anaendesha yeye. Wewe una nini?

Kanda Mbili
Achana na hao, kijana. Mimi nimeanza kazi hii enzi za kanda za mini-DV. Kanda ya saa moja ilikuwa inaingia kwenye kompyuta kwa saa moja kamili, huiharakishi. Harusi ya kanda sita unawasha mashine asubuhi, unakaa unamtazama mama wa bwana harusi anakula pilau mpaka jua linazama. Umeme ukikatika kanda ya tano, unairudia ya tano. Halafu mitambo ya TV ya analojia ilipozimwa Dar, tarehe 31 Desemba 2012, wenzangu wengine wakadhani biashara ya video imekufa. Wako wapi leo? Wanauza vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo anayelia RAM 8 sina machozi naye sana.

Turudi kwako. 4K ghafi kwenye hiyo mashine itakwamakwama mpaka uichukie kozi. Ila hukati 4K ghafi. Unatengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kila klipu, 720 inatosha kabisa. Unakata kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Premiere inafanya, DaVinci Resolve ile ya bure nayo inafanya. Usiku wa kwanza unaiacha itengeneze proksi, wewe unalala. Lakini 850,000 kwa RAM 8 huyo amekuona usoni.

Jambo la pili, Feri jioni wanawasha taa za LED za bei rahisi. Umeme wetu ni 50 Hz. Kama ulishuti fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, 1/50, unaendana na huo umeme na uko salama. Kama kamera uliiacha kwenye 30 na 1/60, fungua klipu uangalie taa. Zikiwa zinapepesa, hata laptopu ya milioni kumi haitakuokoa.

Miguu Mitatu
Mkuu Kanda Mbili shikamoo. Klipu za siku ya kwanza zinapepesa, nilidhani ni macho yangu. Za siku zilizofuata ziko sawa.

Mama Wawili
Mwanangu, milioni na laki mbili ya mwanafunzi imetoka wapi?

Miguu Mitatu
Ni hela yangu tu mama. Tuendelee na laptopu.

Dada wa Makumbusho
Mimi naomba kumjibu Jogoo, maana kuna watu wanapotoshwa hapa. Sheria ya Huduma za Habari ni ya 2016, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayetaka kutambuliwa kama mwandishi wa habari. Nina rafiki alikuwa mtangazaji mzuri kuliko nusu ya mnaowasikia asubuhi, cheti hana, ikabidi arudi darasani na watoto wa miaka kumi na tisa. Alikuwa anakaa dawati la nyuma, wanamwita shangazi. Mpwa wako anashuti harusi sawa, lakini siku akitaka kuingia chumba cha habari CapCut haitamfungulia mlango.

Jogoo wa Manzese
Nani kakwambia anataka chumba cha habari? Harusi wanalipa siku hiyohiyo.

Pilipili Kichaa
Harusi wanalipa nusu. Nusu nyingine unamdai bwana harusi mpaka mtoto wao anaanza chekechea.

Mama Wawili
Nimeuliza swali na nimejibiwa kwa mkato. Nina mtoto wa pili yuko chuo, najua mwezi huu ni mwezi wa nini. Miguu Mitatu, ada umelipa?

Miguu Mitatu
Sawa. Nitasema, kwa sababu naona hamtaniacha.

Ni hela ya ada. Lakini nisikilizeni kwanza. Bila mashine mradi siwezi kumaliza, na bila mradi hata nikilipa ada nafeli. Sasa ada bila mradi inanisaidia nini? Nina kazi mbili nimeahidiwa mwisho wa mwezi, sendofu ya Tabata na harusi ya Kimara, 350,000 kila moja. Nachukua mashine leo, napiga hizo kazi, narudisha hela chuoni kabla ya mtihani. Nimeshaipigia hesabu mara nyingi. Halafu jamaa wa Kariakoo alisema kuna mtu mwingine anaitaka, ikabidi nitangulize 400,000 juzi.

Pilipili Kichaa
"Kuna mtu mwingine anaitaka." Huyo mtu mwingine anazitaka laptopu zote za Kariakoo tangu nikiwa mdogo.

Mzee Ngalawa
Vijana wa siku hizi mnapenda njia za panya. Mwaka 1989 baba alinipa hela ya ada na nauli ya treni niende Tabora shule. Nilifika stesheni, nikakutana na kijana anauza redio, National, ya bendi tatu, ina mkono wa ngozi. Nikajiambia nitasikiliza taarifa ya habari, nitajua Kiingereza, nitafaulu. Nilisafiri na redio bila ada. Mkuu wa shule alinipokea, akaniambia weka redio mezani, rudi nyumbani kachukue ada. Nilikaa kwa mama mdogo Urambo miezi mitatu naogopa kurudi. Redio hiyo ninayo mpaka leo, haisemi. Mheshimu mzazi wako.

Dada wa Makumbusho
Mzee, na redio mkuu wa shule aliirudisha?

Mzee Ngalawa
Alirudisha bila betri.

Jogoo wa Manzese
Dogo si ungeomba mkopo wa serikali? Siku hizi hata stashahada wanapewa.

Dada wa Makumbusho
Ulianza 2023/2024 na ni kwa kozi za vipaumbele tu: afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Mambo ya video hayakuwemo.

Daftari la Mangi
Nimekaa kimya nasoma kuanzia juu. Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Kwanza, ID imefunguliwa jana. Pili, kozi za aina hii ada ya muhula mmoja inacheza laki sita, saba, nane. Huyu ana milioni na laki mbili kamili na anaiita "hela ya ada". Mzazi gani anakutumia ada na ziada ya laki nne na kitu? Tatu, hizo kazi mbili za 350,000 zinaleta laki saba. Deni linabaki pale pale, yeye anasema amepiga hesabu. Huyu ni mtu anatafuta hadithi ya kuweka kwenye chaneli yake.

Pilipili Kichaa
Nilikuwa nasikia harufu ya tangawizi tangu "sijalala siku ya tatu". Mama Wawili leta vitumbua.

Jogoo wa Manzese
Na mimi nilishangaa. Mwanafunzi wa kweli hana hata laki.

Kanda Mbili
Si chai. Mtunzi asingejua kwamba klipu za siku ya kwanza ndizo zinapepesa.

Daftari la Mangi
Mzee wangu, wewe ndiye uliyemwambia taa zinapepesa! Ulimpa jibu, akalirudisha.

Kanda Mbili
Hapo umenishika. Haya, Miguu Mitatu, nijibu bila kufikiria. Sauti ya Feri ilikutesa wapi?

Miguu Mitatu
Mafuta. Kwenye hedifoni mafuta ya kukaangia yanasikika kama mvua ya bati, mama niliyekuwa namhoji simsikii kabisa. Nikamwomba tusogee nyuma kwenye makasha ya barafu. Pale mafuta yamepungua, ila kila akifika sehemu nzuri ya maneno yake honi ya pantoni inalia. Alikuwa anaeleza jinsi mume wake alivyopotea baharini, honi ikapiga, akanyamaza, akaitazama pantoni mpaka ikaondoka, halafu akaendelea. Nimeiacha hivyohivyo, siikati.

Kanda Mbili
Huyu alikuwepo.

Miguu Mitatu
Na ID ni mpya kwa sababu mjomba wangu yumo humu, ile ya zamani anaijua. Daftari, hela umeihesabu vizuri. Ada ya muhula ni 750,000. Hiyo 450,000 ni ya muhula wa kwanza, sikumalizia, ndiyo maana matokeo yangu yamezuiwa. Ile ya muhula wa kwanza nilinunulia lenzi. Mama hajui. Mwezi uliopita nikamwambia chuo kimepandisha ada, akakopa kwenye kikoba chao huko Tukuyu. Mmefurahi?

Mama Wawili
Hakuna aliyefurahi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kwa hiyo kaa nikwambie mama yako yuko wapi sasa hivi. Kila wiki wanakaa, kila wiki jina lake linasomwa, anapeleka rejesho na riba mbele ya wenzake kumi na tisa wanaomtazama mkononi. Siku asipokuwa nayo wanachangishwa wadhamini wake, na kuanzia hapo dukani hakopeshwi hata chumvi. Mpigie leo.

Jogoo wa Manzese
Lenzi gani lakini?

Miguu Mitatu
50mm.

Jogoo wa Manzese
Hiyo kitu nzuri.

Mama Wawili
Jogoo!

Daftari la Mangi
Neno chai nalifuta, yaliyobaki nayaacha. Sikiliza. Umebaki na 800,000. Kesho asubuhi nenda kwa mhasibu wa chuo kabla yeye hajakutafuta. Lipa 450,000 ya muhula wa kwanza matokeo yafunguliwe, weka 350,000 kwenye muhula huu, halafu andika barua ya kuomba kulipa 400,000 iliyobaki kwa mafungu, utaje tarehe. Wahasibu wanapenda barua yenye tarehe. Hizo kazi zako mbili zikitoka, ndipo unamalizia. Na jamaa wa Kariakoo alikupa risiti gani?

Miguu Mitatu
Karatasi ya daftari. Ameandika "laptop, ametanguliza 400, bado 450", sahihi, na muhuri wa duka haujakolea.

Daftari la Mangi
Yaani hakukupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nenda na mtu mzima, mdai hela yako kistaarabu.

Kanda Mbili
Na mashine ya mradi isikuumize. Mimi niko Sinza, ninayo ya mezani ambayo vijana wangu wanaiacha usiku. Njoo na diski kuanzia saa mbili usiku, ukate mpaka alfajiri, wiki mbili zinatosha kwa dakika kumi. Utatuletea maji ya kunywa. Nitumie ujumbe wa faragha.

Miguu Mitatu
Asanteni sana wakuu, machozi yananitoka. Nimempigia jamaa wa Kariakoo sasa hivi. Anasema hela hairudi, ila naweza kuchukua mzigo wa thamani hiyo, ana maiki na diski. Au niongezee 450 nibebe mashine kama tulivyoongea. Mama bado sijampigia, mtandao wa Tukuyu jioni unasumbua.

Mama Wawili
Mtandao wa Tukuyu hausumbui. Nimetoka kuongea na wifi yangu yuko hukohuko.

Dada wa Makumbusho
Usibebe chochote kwake, Miguu Mitatu. Ukishabeba amekumaliza.

Mwendokasi wa Gerezani
Habari wadau, nimesoma post ya kwanza tu, nyuzi ndefu siwezi. Dogo, kwa 850,000 hiyo RAM 8 umeibiwa. Kwa hela hiyohiyo unapata i7 yenye RAM 16, SSD 512, na chaja yake ya asili. Nimemchukulia shemeji yangu wiki iliyopita.

Miguu Mitatu
Mkuu, hiyo yenye 16 iko duka gani?