Bunduki za jeli zinazoiga silaha za Vita ya Pili: mliowahi kumiliki, tupeane uzoefu

Kabati la Kioo (Logan, Queensland)

Habari za humu wakuu. Uzi huu ni wetu sisi tunaokusanya mifano ya silaha za zamani, yaani bunduki za jeli: toi zinazorusha gololi laini za jeli zilizolowekwa majini. Wanaotafuta kitu cha kukimbizana nacho Jumamosi nao wakaribie, maana kwenye mambo ya betri wanatuzidi. Ninachotaka kujua ni kimoja: ukinunua kwa ajili ya kuweka kabatini, ipi inafanana kweli na ile ya vita, na ipi ni jina tu kwenye boksi?

Nianze na yangu. Ni Kar98k ya springi, ile inayotema maganda. Bunduki yenyewe halisi iliingia jeshi la Ujerumani mwaka 1935, ina urefu wa sentimita 111, uzito wake unakaribia kilo 4, na inabeba risasi 5. Yangu nimeilaza sakafuni nikaipima kwa futi kamba, urefu uko sawa. Uzito ndiyo hamna kitu, unaibeba kama fimbo ya kuchungia. Kitako ni plastiki iliyochapwa mistari ya mbao. Ukisimama mlangoni unadanganyika kabisa. Ukisogea unaona kifundo cha mti kilichopo upande wa kushoto kipo pia upande wa kulia, palepale, umbo lilelile.

Walipopatia nao nawapa haki yao. Mkono wa bolti umepinda kuelekea chini, inavyotakiwa, kwa sababu ule ulionyooka ni wa Gewehr 98 ya vita ya kwanza. Mkanda unafungwa ubavuni, sawa pia. Halafu kuna kile kisahani cha chuma chenye tundu kwenye kitako. Kwenye bunduki halisi askari alikitumia kubana pini ya bolti wakati wa kuifungua aisafishe. Kwenye yangu ni stika. Stika wakuu!

Maganda ndiyo raha yake. Kila ganda unalipachika gololi moja ya jeli, unashindilia matano, unavuta bolti na ganda linaruka begani na kudondoka kwenye vigae kwa mlio ambao mke wangu ameshauchoka. Shabaha msiulize. Mita 15 tu gololi inajiendea inakotaka. Kwangu si hoja, kabati halilengi mtu.

Sheria ya huku kwa wageni: Queensland tangu Februari 2021 unatakiwa uwe na sababu ya msingi ya kuwa nayo, kwa mfano mchezo wa klabu, na uiweke mahali penye kufuli. Hadharani haitembezwi. South Australia tangu Oktoba 2020 inahesabiwa ni silaha ya moto, unahitaji leseni. Western Australia waliipiga marufuku mwaka 2021. Kwa hiyo ukihama jimbo, usiipakie kwenye gari ukidhani Australia ni moja.

Karibuni.

Fundi Betri (Brisbane)

Mkuu, mimi nipo upande wa Jumamosi lakini MP40 ninayo, ile bunduki fupi ya Mjerumani ya kupiga mfululizo. Boksi limeandikwa Schmeisser kwa herufi kubwa. Hugo Schmeisser hakuibuni MP40, ni kazi ya Heinrich Vollmer wa kiwanda cha Erma. Jina lilitoka kwa askari wa upande wa pili na watengeneza toi wamelibeba hivyohivyo. Umbo wamepatia: kitako cha kukunja kinaingia chini vizuri, magazini nyembamba na ndefu.

Ndani ni giaboksi ya umeme yenye gia za nailoni, pistoni na springi. Betri yake ni ya volti 7.4. Kila mwezi anakuja kijana ameweka ya volti 11.1 ili ipige haraka, halafu ananiletea gia zimekatika meno kama kitana cha msusi. Kwa nyie wa kabatini ushauri ni mwingine: msiiache betri ndani ya bunduki, na msiihifadhi ikiwa imejaa. Kila seli ikae kwenye volti 3.8 hivi. Ikivimba, usiichome wala kuichaji, ipelekeni kwenye vituo vya kukusanyia betri.

Magazini ina kimota chake kinachosukuma gololi juu. Ukimaliza kucheza toa gololi zote. Zikikaukia mle ndani zinaganda kama gundi na kimota kinakufa.

Mjukuu wa Keya (Toowoomba)

Shikamooni wakubwa. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wale walioshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, wakafika mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa 12. Picha yake ya kofia pana ipo ukutani kwa baba. Kwa hiyo mimi Mjerumani hanihusu, nilitaka Lee-Enfield.

Kuipata ilikuwa shughuli. Maduka yamejaa bunduki za kisasa za filamu, na ukiuliza ya Mwingereza wanakuonyesha nyingine. Niliyoipata ni Lee-Enfield No. 4 ya springi, na nikisema ukweli kwa macho ni nzuri kuliko Kar98k ya mkuu hapo juu. Kitako ni mbao kweli. Tundu la kulengea lipo nyuma karibu na jicho, kama inavyotakiwa kwa No. 4. Ukiona imeandikwa No. 4 halafu sehemu ya kulengea ipo katikati ya mtutu, hapo wamechanganya na SMLE, Lee-Enfield ya zamani.

Kasoro ipo mkononi. Lee-Enfield halisi bolti yake inabana springi unapoisukuma mbele, ndiyo maana askari wake walisifika kwa kupiga haraka. Hii ya springi unapata uzito wote unapovuta nyuma, mbele inateleza tu. Kwa maneno mengine ni Mauser, yaani Kar98k, iliyovaa nguo za Mwingereza. Baba alipoivuta alicheka, akasema mzee angeirudisha stoo.

Mama Zawadi (Logan)

Mimi sikusanyi, anakusanya mwenzangu. Nakuja kwa jambo moja na naomba mlichukulie uzito. Hizo gololi zikiwa kavu ni ndogo kama mbegu za ulezi, na zina rangi za pipi. Ukizitia majini kwa muda wa saa tatu au nne zinafika milimita 7 au 8. Sasa mtoto akimeza kavu, zinavimbia tumboni na zinaweza kuziba utumbo. Hospitalini huenda zisionekane kwenye eksirei kwa sababu karibu zote ni maji, kwa hiyo mwambieni daktari mapema kwamba nyumbani mna gololi za jeli. Kwetu pakiti zinakaa kabati la juu pamoja na dawa. Bunduki nayo ina kufuli, gololi je?

Kabati la Kioo

Dada umenena. Zangu zilikuwa kwenye kikopo kando ya bunduki, jioni hii nazihamisha.

Chifu Tupa (Leicester)

Uingereza msihangaike. Sheria ya 2006 ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu inazuia kuuza bunduki ya kuigiza inayofanana na ya kweli, isipokuwa kwa makundi yenye utetezi wake, mfano makumbusho na wanaoigiza vita vya kihistoria. Sisi wengine tunauziwa za rangi za kung'aa. Nilinunua Thompson, ile bunduki ya Mmarekani, ya rangi ya kijani kibichi. Hiyo siwezi kuiita mkusanyo, ni ndala.

Nauliza Tu (Nairobi)

Na mimi nataka hiyo Thompson, ile yenye magazini ya duara. Nimeona moja mtandaoni, wameandika M1A1 na duara lake, inang'aa balaa. Niagize?

Fundi Betri

Ndugu, kwanza uliza polisi na forodha ya huko kabla hujatoa hata shilingi, maana kontena halijui toi. Pili, hiyo uliyoona ni kichekesho. M1A1 haikuwa na nafasi ya kupachika duara, ilitumia magazini iliyonyooka ya risasi 20 au 30. Duara ni la M1928, Thompson iliyoitangulia. Angalia mkono wa kukokea: ukiwa juu ni M1928, ukiwa ubavuni kulia ni M1 au M1A1. Picha yako ina mkono ubavuni na duara chini. Hakuna jeshi lililowahi kuwa na kitu hicho.

Nauliza Tu

Duh. Na muuzaji ameandika "sahihi kihistoria".

Mjukuu wa Keya

Wote huandika hivyo mkuu. Omba picha ya upande wa kulia na ya chini, pale duara linapoingilia. Mimi niliomba, duka moja likakaa kimya mpaka leo.

Swali kwa Kabati la Kioo: hiyo plastiki ya mistari ya mbao, kuna namna ya kuipoza ising'ae hivyo?

Kabati la Kioo

Ipo. Msasa laini sana, wa maji, unapita taratibu kufuata mistari, usikandamize. Ukishafuta vumbi unapaka vanishi isiyong'aa, safu moja nyembamba, unaacha ikauke usiku kucha kabla ya ya pili. Yangu nimefanya kitako tu, mbele bado. Wewe mwenye mbao ya kweli usiguse vanishi, paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, na hicho kitambaa ukimaliza kianike nje kimetandazwa. Kikikunjwa kwenye ndoo kinaweza kushika moto chenyewe.