Wadkin ya zamani, Altendorf ya mtumba au SCM mpya: ipi kwa karakana ya milango?

SeremalaMoro:
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo Morogoro, kazi zangu ni milango, fremu na makabati. Sasa natafuta msumeno wa meza wa maana na nimebaki na chaguo tatu: Wadkin AGS ya inchi 10 kutoka karakana inayofungwa, Altendorf ya mtumba, na Minimax mpya ya SCM yenye msumeno na randa kwa pamoja. Bei ninazo. Naomba historia ya watengenezaji hawa, na nani bado yupo nikihitaji spea.

FundiKeko:
Chukua Wadkin, mkuu, usiwaze mara mbili. Joseph Wadkin aliianzisha Leicester, Uingereza, mwaka 1897, kisha Wallace Goddard akaikuza. Sifa yake ilitoka kwa mafundi wa vielelezo, wale wanaochonga umbo la mbao ambalo baadaye linasubiwa kwa chuma. Kazi hiyo haivumilii kosa hata la unene wa karatasi, na ukali huo ukaingia kwenye mashine zao zote. Pitisha kiganja kwenye meza ya AGS utanielewa: chuma kizito cha kusubu, hakitetemeki hata ukipasua mninga mkavu.

Kibamba77:
Kaka, chuma kizuri sawa, lakini kiwanda cha Leicester kilishafungwa. Altendorf bado wapo Ujerumani. Halafu tusisahau kwamba Wilhelm Altendorf ndiye aliyeleta msumeno wenye meza inayoteleza, Berlin, 1906. Kabla ya hapo fundi alisukuma ubao kwa mikono na kuomba ukingo utoke umenyooka. Mtu wa makabati anayekata plaiwudi na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) kutwa nzima anahitaji meza hiyo. Ila pima banda lako kwanza: meza zake nyingi zinafika mita 3 na zaidi, na lazima uwe na nafasi mbele na nyuma.

MamaKarakana:
SeremalaMoro, mdogo wangu, umesema milango na fremu kabla ya makabati. Hiyo ni mbao ngumu zaidi kuliko plaiwudi, kwa hiyo mimi nipo na FundiKeko.

Spea za AGS zisikutishe. Beringi na mikanda ni vya namba za kawaida, unavipata dukani. Jina la Wadkin nalo halikufa, linaendelezwa na kampuni ya Nottingham. Mota yake ya Kiingereza ya fezi tatu, volti 415, inakubaliana na umeme wetu. Beba spana za inchi tu, za milimita hazitaingia kwenye nati nyingi. Na ukikuta kibao kimeandikwa Bursgreen usidhani ni feki: Wadkin waliinunua kampuni hiyo, mashine nyingi zikatoka na majina yote mawili.

Mvule_Mkavu:
SCM mnaipita haraka mno. Mwaka 1952, Rimini, Italia, walitoa L'Invincibile, mashine moja yenye kazi kadhaa, kwa ajili ya fundi mdogo asiye na nafasi wala mtaji wa mashine tano. Fundi huyo ndiye sisi. Kasoro yake ni kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine: ukiwa na vijana watatu, wawili watamsubiri mmoja.

SeremalaMoro:
Vijana ninao wanne, kwa hiyo ya pamoja naiacha. Banda langu ni dogo, Altendorf haitageuka humo. Jumamosi naenda kuiona AGS na fundi umeme wangu. Niangalie nini?

MamaKarakana:
Zungusha gurudumu la kulaza msumeno hadi nyuzi 45 na urudishe. Likikwama, meno ya gia zake yamejaa vumbi au yamelika. Zungusha ekseli kwa mkono, sikiliza beringi. Kisha tazama nyuma ya msumeno kama kile kisu cha kutenganisha ubao kipo. Mashine nyingi za zamani kimeshang'olewa. Kama hakipo, chongesha kingine kabla kijana yeyote hajagusa swichi, maana ubao ukiubana msumeno, ubao huo unarushwa tumboni kwa aliyesimama.

FundiKeko:
Na piga picha ya kibao cha namba, uiweke hapa.