Tamthilia ikichuja, alaumiwe mwandishi au mwigizaji?

Kalamu Kavu
Nianze mimi. Tamthilia ikichuja, watu humrukia mwigizaji: mkavu, anasoma mistari, hajavaa uhusika. Nasema mwenye kesi ni mwandishi. Chukueni ile sini, yaani onyesho moja la tamthilia, ambayo kila mmoja wetu kaiona. Ndugu wawili wako peke yao, mmoja anamwambia mwenzake, "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia kampuni." Mwigizaji gani ataisema hiyo tumwamini? Hakuna mtu anayemsimulia nduguye jambo wanalolijua wote wawili. Mwandishi alikuwa na taarifa ya kumpa mtazamaji, akaitia kwenye kinywa cha kwanza alichokiona. Dawa yake inajulikana: ifanye taarifa iwe silaha. "Baba angekuwa hai usingethubutu kukaa kwenye kile kiti." Maneno manane. Baba kafa, kuna cheo, kuna anayekimezea mate, na ugomvi umeshaanza.

Halafu urefu. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja hewani. Sini ya kurasa tano sebuleni, ambamo hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake, ni dakika tano za watu kukaa. Ingia sini ikiwa imeshaanza, toka kabla haijapoa. Salamu za mlangoni, "karibu", "asante", "habari za tangu juzi", zote ni za kukata.

Hao waigizaji wenyewe machozi wanapakwa, kwa hiyo tusiwape sifa wala lawama zisizo zao.

Mwana wa Jukwaa
Mengine tutayajadili, hilo la mwisho halipiti. Mkuu, "wanapakwa machozi" ndiyo heshima unayowapa watu wanaobeba maneno yako? Kazi yenyewe ni kumsikiliza mwenzako kana kwamba hujui atasema nini, wakati umekariri mistari yake na yako. Unasimama kwenye alama ya utepe sakafuni bila kuitazama. Ukiinua kikombe kwenye neno fulani, teki zote zinazofuata, yaani kila mara sini inaporudiwa kurekodiwa, ukiinue kwenye neno hilohilo, la sivyo mhariri hana pa kukata. Yafanye hayo yote huku unaomboleza mtoto, kisha urudi hapa na habari za kupakwa.

Njozi Ndefu
Maneno mengi na swali liko palepale. Wanapakwa au hawapakwi?

Poda na Brashi
Wanapakwa, wala si siri. Ila vitu vitatu tofauti mnaviita jina moja.

Kuna kijiti cha mentholi. Ni nta iliyotiwa mentholi na kafuri, umbo lake kama kile cha kulainisha midomo. Kinapitishwa kwenye ngozi juu ya mfupa wa shavu, chini ya jicho, kamwe si ndani ya jicho wala kwenye ukingo wa kope. Kinacholiza ni mvuke unaopanda, kwa hiyo mstari mwembamba unatosha. Ukizidisha, jicho linajifumba lenyewe, pua inachuruzika, na mwigizaji anasahau mistari kwa kuungua.

Kuna kipulizio: bomba dogo lenye chembe za mentholi zilizozuiwa kwa kitambaa chepesi, fundi anapuliza mvuke kuelekea jichoni. Hiki hakiachi mng'ao wa nta kwenye ngozi, ndiyo maana picha ya karibu sana inakipenda.

Halafu kuna gliserini, na hii haimlizi mtu. Ni tone linalowekwa shavuni. Ni nzito kuliko maji, haikauki upesi chini ya taa, basi chozi linakaa. Ubaya wake ndio huohuo: linakaa mno. Mtu anafoka, shavu linacheza, chozi limeganda palepale teki nzima. Mkiliona hilo, tazameni jicho lililo juu yake. Ni jeupe, limekauka, kope hazijashikana. Aliyelia kweli anavimba puani na kwenye kope. Mentholi angalau inaleta wekundu, gliserini haileti hata huo.

Njozi Ndefu
Shukrani. Basi Kalamu hajakosea.

Mwana wa Jukwaa
Kakosea! Kijiti kinatoa maji, hakitoi huzuni. Mwigizaji aliyefundishwa anachimba maumivu yake mwenyewe, ndiyo kumbukumbu ya hisia aliyoiacha Stanislavski, yule mwalimu wa uigizaji wa Urusi, na chozi linakuja bila fundi. Tatizo mnawatazama wasiosomea halafu mnahukumu fani nzima.

Pembe Tatu
Ndugu yangu, hapo umesimulia nusu. Stanislavski mwenyewe aligeuka. Mwaka 1934 mwigizaji wa Marekani Stella Adler alikutana naye Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi New York akiwaambia wenzake kwamba mzee sasa anakazia vitendo na mazingira ya mhusika, si kufukua misiba yako. Mwenzake Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji, hakukubali, akashikilia kumbukumbu ya hisia, na mgawanyiko huo ukabaki.

Kwa kamera tofauti hiyo si ya vitabuni. Kumbukumbu ya hisia inachakaa. Teki ya 1 inawaka, ya 3 inafifia, ya 6 mtu anaonekana kabisa anaitafuta. Na picha yake ya karibu inaweza kuja saa mbili tatu baada ya picha pana, mafundi wakishahamisha taa. Kitendo hakichakai namna hiyo. Ukijipa kazi ya kumzuia mwenzako asifike mlangoni, unaweza kumzuia mara ishirini, na kila mara kuna jambo jipya la kumjibu.

Mwana wa Jukwaa
Nimezungumzia hisia, umeniletea tarehe. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuguswa na "kitendo". Watu wanaguswa na uso.

Bi Mkasi
Uso gani? Uso unajengwa kwenye meza ya uhariri. Kuna yule Mrusi wa enzi za filamu bubu, jina limenitoka, aliyechukua uso mmoja wa mwigizaji uliotulia tu, akauunganisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, msiba na mapenzi, wakamsifu mwigizaji.

Pembe Tatu
Lev Kuleshov, na uso ni wa Ivan Mozzhukhin. Lakini dada, usiubebeshe mfano huo kuliko nguvu zake. Zile ni picha bubu. Uhariri wa namna hiyo unamsaidia anayesikiliza. Anayeongea haumsaidii, maana sauti ya uongo inasikika hata uiunganishe na jeneza kumi.

Bi Mkasi
Sawa, nikupe mfano wenye sauti. Mama anapewa habari ya kifo. Teki ya 2 chozi la kushoto limeshafika kidevuni, lakini sentensi ya mwisho kaikimbiza. Teki ya 4 sentensi imekaa vizuri ajabu, ila chozi bado liko kwenye kope. Siwezi kuzigusanisha, maana chozi litaruka kurudi juu. Njia ni kwenda kwa uso wa anayemsikiliza kwa sekunde moja na nusu, sauti ya teki ya 4 iendelee chini yake, kisha nirudi kwa mama katikati ya neno. Mtazamaji anasema mwongozaji ana jicho la kisanii, kamwonyesha anayesikiliza. Ni chozi lilikuwa mahali pabaya.

Na lilikuwa mahali pabaya kwa sababu ya ratiba. Mazoea ni kuanza na picha pana, kisha kusogea, kwa kuwa taa kubwa zinawekwa kwanza. Mama analia kwa moyo wote kwenye picha pana ambayo uso wake ni mdogo kama kidole gumba. Tukifika karibu amekwisha. Sini ya kilio ianzwe na picha yake ya karibu, hata kama wapiga picha watanung'unika. Ama weka kamera mbili zinazotazamana, umshike mliaji na msikilizaji kwa wakati mmoja. Gharama yake ni taa: inayomkaa vizuri mmoja inamchoma au kumfifiza mwenzake.

Mwisho, aliyetoka kwenye fremu abaki pembeni ya lenzi asome mistari yake kwa moyo. Akishaenda kupumzika na msaidizi akasoma badala yake kwa sauti ya orodha, mliaji anamlilia nani?

Sauti Safi
Kamera mbili, sawa, na maikrofoni nayo? Kamera moja ikiwa pana na nyingine karibu, fimbo ya maikrofoni inalazimika kukaa nje ya ile pana. Inakuwa mbali na kinywa, inabeba chumba kizima. Kile kinasa kidogo cha kifuani kinasugua nguo kila mtu akikumbatiana, na kwenye kilio watu hukumbatiana. Halafu nyinyi watazamaji mnaandika kwamba waigizaji wa siku hizi wananong'ona, hawasikiki.

Njozi Ndefu
Kwani hawanong'oni? Sini nzima watu wawili wanaongea kama wameamka wagonjwa, muziki ukiingia unaruka kitini. Huo si uigizaji wala si ufundi.

Sauti Safi
Wananong'ona, ndiyo, na tatizo lina vyanzo viwili mnavyovipiga pamoja. Mmoja ni mwigizaji anayedhani sauti ya chini ni sauti ya kweli. Kunong'ona kuna maana pale tu kuna mtu asiyetakiwa kusikia. Wa pili ni mchanganyaji wa sauti anayesikilizia spika kubwa kwenye chumba kimya, kazi inakwenda kwenye televisheni nyembamba yenye spika zinazotazama nyuma. Mazungumzo yakaguliwe kwenye spika ndogo kabla ya kazi kutoka. Na kurudia sauti studio si dawa ya kilio. Maneno utayapata, pumzi ya kwikwi haikai kwenye midomo. Kinachosaidia ni kukomesha kelele palepale, na kurekodi chumba kitupu kwa sekunde 30 watu wote wakiwa kimya, ili mhariri awe na kitu cha kuzibia mapengo.

Kalamu Kavu
Jamani, niliuliza kuhusu uandishi. Tuko kwenye spika.

Mwana wa Jukwaa
Twende kwenye uandishi, kwa furaha. Nani anaandika "analia kwa uchungu" kwenye mabano kila baada ya kurasa mbili? Fundi wa vipodozi anaitwa kwa sababu skripti imeagiza maji. Mhusika akilia kwenye sini ya 4, ya 9 na ya 11, ya 15 ambayo ndiyo msiba wenyewe atafanya nini, azimie?

Na kurasa mpya je? Skripti ikishatolewa, kila badiliko linakuja kwa rangi yake, bluu, waridi, njano, na mwigizaji anakabidhiwa ya njano asubuhi akiwa kwenye kiti cha vipodozi. Tamthilia ya kila siku inaweza kurekodi kurasa 80 na zaidi kwa siku, filamu kurasa mbili tatu. Watu wanawahukumu wote kwa kipimo kimoja! Huyo wa kurasa 80 anapata teki moja, mbili akibahatika.

Kalamu Kavu
Unadhani mwandishi anafurahia kurasa za njano? Sini ya sokoni inakuwa ya chumbani kwa sababu mvua imenyesha. Mhusika anapelekwa safari kwa sababu mwigizaji kadai nyongeza. Dallas, ile tamthilia ya Marekani, ndiyo mfano mkubwa: Patrick Duffy aliondoka, mhusika wake Bobby akauawa, kisha Duffy akarudi mwaka 1986 na msimu mzima uliotangulia ukatangazwa kuwa ndoto ya Pam, mtalaka wa Bobby. Waandishi hawakuamka siku moja wakatamani kufuta kazi ya mwaka. Waliambiwa mtu anarudi, tafuteni mlango.

Mwana wa Jukwaa
Umefungua kesi dhidi ya mwandishi, sasa wewe ndiye wakili wake.

Kalamu Kavu
Hapana. Mlango uliwekwa na wengine, kuchagua ndoto ni kazi ya mwandishi, na ndoto inamwambia mtazamaji kwamba kila alichokililia hakikutokea. Hilo ni kosa la uandishi hata kama shinikizo lilitoka juu. Ninachopinga ni kumfukuza mwandishi seti halafu kumlaumu kwa mstari mbovu. Mgomo wa waandishi wa Marekani mwaka 2023 ulidumu siku 148, na miongoni mwa madai ni idadi ya chini ya waandishi kwa kila tamthilia na waandishi kuendelea kuwepo wakati wa upigaji picha. Mwandishi akiwepo, "kama unavyojua, baba yetu" inakufa kwenye mazoezi ya asubuhi, kwa sababu anaisikia ikisemwa.

Pembe Tatu
Na asipokuwepo, mwigizaji mwenye akili anaikata mwenyewe.

Kalamu Kavu
Akiikata yenye dokezo la kipindi cha 9? Mwigizaji ana kurasa za leo mkononi, hana msimu mzima kichwani. Kabla hajakata, amuulize msimamizi wa mwendelezo.

Bi Mkasi
Msimamizi wa mwendelezo anaandika kikombe kiko mkono gani na chozi liko shavu gani. Ya kipindi cha 9 muulizeni mwandishi mkuu, ndiyo kazi yake.

Njozi Ndefu
Poda, nimerudi kwako. Kama sini ya 11 ni kilio na ya 12 ni kicheko, zinarekodiwa mfululizo, mentholi unaitoaje? Maji?

Poda na Brashi
Maji hapana. Ile ni nta, maji yataisambaza tu, na ikipanda kwenye kope umeharibu saa nzima. Kipande cha pamba chenye kitoa vipodozi cha mafuta, unafuta kwenda chini na nje, mbali na jicho, unabadilisha upande wa pamba kila mfuto. Kisha kitambaa chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi, wekundu upungue. Ukianza kupaka poda kabla ya hapo, rangi inashika sehemu zenye mafuta na kuacha madoa. Na kama una sauti kwenye ratiba, omba 12 irekodiwe kabla ya 11.