Gumzo la Jumapili: Pembe za Austin na Mbwa wa Georgia

Kikundi: UKOO WA KISAUNI 🌴
Jumapili, 20 Julai 2025

Baba Nasra (Austin): Asalaam aleikum ukoo. Leo sitaki forwadi za tangawizi na kitunguu saumu hapa. Leo ni siku ya mwisho ya mashindano ya gofu ya The Open kule Portrush, Ireland ya Kaskazini, Scottie Scheffler aliyesoma chuo cha Texas hapa Austin anaanza akiwa mbele mikwaju minne. Fulana ya chungwa ya chuo nishavaa

Shangazi Kisauni: Waaleikum salaam. Hiyo fulana si uipumzishe jamani, picha zote za mwaka huu umevaa hiyo hiyo

Shem Atlanta: Minne kitu gani. Harris English wetu wa chuo cha Georgia, Mbwa wenyewe, yuko nyuma sita tu na anapiga vizuri wiki nzima 🐶🐶

Baba Nasra: English yupi, yule wa mashindano ya PGA kule Quail Hollow mwezi wa tano? Hebu nikumbushe alimaliza nyuma ya nani

Shem Atlanta: Alifungana wa pili na wenzake wawili. Wa pili duniani si aibu

Baba Nasra: Nimeuliza nyuma ya NANI shem

Nasra: Shikamooni wote. Baba muache shem bado mapema. Scottie kaanza na berdi shimo la kwanza, yaani mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo, yuko chini 15

Babu Muthaiga: Marahaba mjukuu. Nakuta TV ya jirani inaonyesha mpira, mi nitafuata hapa hapa. Niandikieni shimo kwa shimo msinirukie

Shangazi Kisauni: Mimi naomba kueleweshwa. Chini 15 ndio anaongoza?

Nasra: Ndio shangazi, ukipiga mikwaju michache kuliko kiwango cha kiwanja unahesabiwa chini, kwa hiyo aliye chini zaidi ndio bora

Shangazi Kisauni: Haya. Na huyo si ndiye yule alishikwa na polisi asubuhi akienda uwanjani?

Baba Nasra: Ndiye. Louisville, mwaka jana mwezi wa tano. Alitolewa seli akaja kupiga 66 siku hiyo hiyo, na kesi ikafutwa kabla mwezi haujaisha. Kisha akaenda Paris akachukua dhahabu ya Olimpiki, raundi ya mwisho 62. Kisha Krismasi akajikata kiganja na glasi akipika ravioli

Shangazi Kisauni: Mwanamume mwenye pesa zote hizo anafanya nini jikoni 😂

Nasra: Shimo la 4 berdi. La 5 berdi. Chini 17

Shem Atlanta: Tumeona

Shangazi Kisauni: Lakini Baba Nasra tuseme kweli, wewe Austin ulienda kuendesha gari, chuo hukusoma, huyu Scottie hata kukuona hajakuona. Nasra ameingia University of Texas juzi juzi tu. Haya mapenzi yametoka wapi?

Baba Nasra: Ngoja nikueleze dada. Mtu akishika mchezaji mmoja, akishinda anafurahi akikosa anazima TV. Mimi nashika chuo. Wiki yoyote ile nina watu kwenye ubao, mmoja juu mmoja katikati mwingine kakatwa Ijumaa kwa alama mbaya anafunga begi. Wote nawajua walikotoka. Mfano Beau Hossler, wewe humjui, hajashinda shindano la PGA Tour, ile ligi ya gofu ya Marekani, hata mara moja, alikaribia Houston 2018 akaangushwa na Poulter kwenye mashimo ya ziada. Sasa rudi 2016, fainali ya vyuo kule Eugene, Texas dhidi ya Oregon, Scottie yumo kwenye timu na Hossler ndiye tegemeo. Hossler kaumia bega nusu fainali. Fainali hakuweza kucheza, ile mechi yake Oregon wakapewa bure, na matokeo ni 3-2. Yaani wamekosa kombe kwa bega la mtu mmoja! Scottie akahitimu 2018 na shahada yake ya mambo ya fedha, kombe la vyuo hana mpaka leo. Ndio manake Hossler akiwa chini mbili tu siku ya Alhamisi mimi nakwama kwenye maegesho nikiangalia simu

Shem Atlanta: Abiria wanajua?

Baba Nasra: Abiria kashashuka shem

Babu Muthaiga: Hii hadithi ya bega sikuwa naijua. Sasa iko wapi mechi

Nasra: La 6 kanusurika. La 7 pia, kaingiza pati ndefu, ule mkwaju wa kusukumia mpira shimoni, ya kuokoa par yaani kiwango cha shimo, akakunja ngumi. Yeye huwa hakunji ngumi

Shem Atlanta: Ameanza kuhisi joto

Nasra: La 8 😬 kaangukia bankeri la mchanga, kapiga mpira ukagonga ukingo haukutoka. Sita kwenye par 4. Karudi chini 15

Shem Atlanta: TUKO HAPA. Wapi chungwa?? Wapi pembe zenu za Longhorns??

Shangazi Kisauni: Naenda kuswali Magharibi, msiharibu

Babu Muthaiga: Shem tulia. Mimi nimebeba mifuko ya wachezaji kiwanja cha Muthaiga tangu ujana, mwaka Ballesteros aliposhinda Kenya Open, 1978, nilikuwa kiwanjani. Mchezaji akiharibu shimo usimwangalie hapo, muangalie anavyotembea kwenda shimo la mbele. Wengine wanaharakisha, hao wameisha. Huyu vipi

Nasra: Babu anatembea kama anaenda dukani. Na la 9 berdi. Chini 16

Babu Muthaiga: Basi

Shem Atlanta: Basi nini babu, bado mashimo tisa

Babu Muthaiga: Basi.

Nasra: Wakati tunasubiri niwawekee wengine. Jordan Spieth naye yuko Portrush ila kule chini, leo si siku yake. Yeye hakukaa chuoni, aliingia 2011, 2012 akabeba kombe la vyuo na timu, ile siku ya fainali kule Riviera alimfunga Justin Thomas wa Alabama, na pati ya ushindi aliingiza Frittelli yule wa Afrika Kusini. Katikati ya mwaka wa pili akaacha masomo. 2013 hana hata kadi ya uanachama wa PGA Tour akashinda John Deere akiwa na miaka 19. 2015 Masters na US Open, 2017 The Open

Shem Atlanta: Mmoja kaacha shule, mwenzake kahitimu, na wote matajiri. Nasra usimuige huyo Spieth

Nasra: Mimi hata kushika fimbo sijui shem 😂

Shem Atlanta: Lakini semeni ukweli, Georgia kwa wingi tunawazidi. Bubba Watson Masters mbili, Brian Harman kashinda The Open hii hii 2023, Sepp Straka mwaka huu kashinda mara mbili, Henley, Kisner, English. Nyinyi mna Scottie na ng'ombe mmoja wa chuo mnamuita Bevo

Baba Nasra: Ben Crenshaw umemsahau makusudi. Masters 1984 na 1995. Ile ya 95 alitoka kumzika mwalimu wake Harvey Penick wiki ile ile, kabeba jeneza, karudi Augusta akashinda. Na Tom Kite US Open 1992. Hao wawili waligawana taji la vyuo 1972 wakiwa timu moja

Shem Atlanta: Crenshaw nampa heshima yake. Wengine hapana

Nasra: La 12 berdi, chini 17 tena

Shangazi Kisauni: Nimerudi. Amekufa au amepona

Babu Muthaiga: Amepona zamani

Shem Atlanta: English kamaliza na 66, chini 13. Na jueni hana kedi wake, yule mbeba mfuko na mshauri! Kedi wake wa miaka mingi kakataliwa kuingia Uingereza sababu ya kesi ya zamani, kocha ndiye kabeba mfuko

Shangazi Kisauni: Hata Wamarekani wananyimwa?? Alhamdulillah, nilidhani ni sisi tu

Baba Nasra: 😂😂😂 shangazi

Babu Muthaiga: Hapo namhurumia English kwa dhati. Kedi ni nusu ya mchezo, upepo wa baharini kama ule unataka mtu anayekujua

Nasra: IMEKWISHA. 68, jumla chini 17, kashinda kwa minne. Mtoto wake mdogo kaachiwa kwenye nyasi anapanda kilima anaanguka anacheka

Baba Nasra: ALLAHU AKBAR 🤘🤘🤘🧡

Nasra: Na kutoka Masters 2022 taji lake la kwanza kubwa mpaka hili la nne ni siku 1,197, sawa kabisa na Tiger Woods kutoka la kwanza mpaka la nne

Shem Atlanta: Hongereni. Nimeandika kwa uchungu. Mara ya pili mwaka huu English wa pili nyuma ya mtu yule yule

Shangazi Kisauni: Bingwa anapewa ngapi?

Nasra: Dola milioni 3.1

Shangazi Kisauni: Ya Rabi. Na anapika mwenyewe

Baba Nasra: Na Jumanne aliwaambia waandishi raha ya kushinda haikai, dakika chache tu mtu anakuuliza usiku tutakula nini. Wamemshangaa dunia nzima

Shangazi Kisauni: Wamshangae kwa nini, ni kweli. Hapa kwangu nimeshaulizwa mara tatu na mchuzi bado

Nasra: Sasa hesabu tamu. Scottie amebakisha US Open peke yake. Spieth amebakisha PGA peke yake. Wote wawili wa chuo cha Austin, kila mmoja kakosa moja kukamilisha yale mataji manne makubwa, Masters, PGA, US Open na The Open

Shem Atlanta: Spieth anaisubiri tangu 2017 hiyo

Baba Nasra: Ataipata

Babu Muthaiga: Mwanangu hapo unasema kwa mapenzi si kwa gofu. Scottie ndio, Spieth sidhani

Baba Nasra: Babu na wewe!

Nasra: Alhamisi 3M Open kule Minnesota, bingwa mtetezi Jhonattan Vegas, wetu pia. Yule wa Venezuela aliyeanza kwa kupiga mawe na mti wa fagio, akaja Houston na miaka 17 Kiingereza hajui

Babu Muthaiga: Huyo sasa ndiye wangu. Anaanza saa ngapi kwa saa za huku?

Nasra: Saa zikitangazwa nitakuwekea babu

Shem Atlanta: Nitaangalia mtu wa Georgia gani yuko huko

Shangazi Kisauni: Waangalieni wote, lakini Baba Nasra hiyo fulana ifuliwe kabla ya Alhamisi